Mtoto asomee nyumbani Pennsylvania: njia tatu za kisheria na jinsi ya kuchagua

Wazazi wenzangu mlioko Pennsylvania, iwe Lancaster, Erie, Pittsburgh, Harrisburg au Philadelphia, hili swali linaulizwa kila mahali, kanisani, msikitini, kwenye magrupu ya WhatsApp: nataka mtoto asomee nyumbani, naanzia wapi? Na majibu yanayokuja hapo mara nyingi yanachanganya mambo matatu tofauti kabisa, huyu anakwambia jaza tu fomu mtandaoni wanakutumia kompyuta, mwingine anakwambia lazima uende kwa notari (mtu mwenye kibali cha kushuhudia viapo na saini) ukale kiapo, wa tatu anasema tafuta mwalimu aje nyumbani basi. Wote wanasema kweli ila kila mmoja anaongelea njia yake. Mtoto kwenye njia zote hizo anakaa nyumbani, lakini sheria inaziona tofauti, na tofauti kubwa ni moja: siku suprintendenti (mkuu wa shule zote za umma za wilaya) akiuliza huyu mtoto anasoma nini, nani anatakiwa kujibu? Njia ya kwanza anajibu mzazi, ya pili anajibu mwalimu pamoja na mzazi, ya tatu inajibu shule. Ukishalielewa hilo mengine yote yanafuata.

Yanayowahusu wote kwanza

Pennsylvania inalazimisha mtoto awe anasoma tangu miaka 6 mpaka 18. Zamani ilikuwa 8 mpaka 17, ikabadilishwa kuanzia mwaka wa shule 2020-21, kwaiyo kama uliambiwa na mtu aliyefika zamani kwamba mtoto wa miaka 7 hana shida akikaa tu nyumbani, hiyo imeshapitwa na wakati. Mtoto akikosa siku 3 bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja wa shule anahesabiwa mtoro, akifikisha 6 ni mtoro sugu, na hapo mzazi anaweza kuitwa mbele ya jaji, faini ya kosa la kwanza inafika mpaka dola 300, na kama mtoto yuko chini ya miaka 15 suala linaweza kupelekwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia watoto na vijana, ile ambayo wengi wetu tunaiogopa kuliko hata polisi. Sisemi ili nimtishe mtu. Nasema kwa sababu utaratibu ni huu: makaratasi kwanza, mtoto kutoka shule baadaye. Usimtoe Jumatatu huku ukipanga kuyashughulikia makaratasi wiki ijayo, kila siku inayopita hapo katikati inaandikwa kwa jina la mwanao.

Maswali niliyotumia kulinganisha

Nimeziweka njia zote tatu chini ya maswali yaleyale: nani anawajibika na anatakiwa awe na sifa gani, makaratasi na tarehe zake, masomo na saa na lugha, uthibitisho kwamba mtoto anaendelea, pesa, na mwisho mtoto anapata nini yaani diploma, michezo, msaada wa Kiingereza na IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja kwa wenye mahitaji maalumu. Kwa familia zetu mimi naona mawili ndo mazito kuliko yote, lugha na muda wa mzazi, kwaiyo hapo nitakaa zaidi kidogo.

NJIA YA KWANZA: mzazi mwenyewe ndo msimamizi

Hii ndo homskuli halisi, inayotokana na Sheria namba 169 ya mwaka 1988. Watu wakisema Pennsylvania ni mojawapo ya majimbo yenye masharti mengi ya kusomesha nyumbani wanaiongelea hii.

*Nani anawajibika.* Mzazi, mlezi au mtu mwenye haki ya kisheria ya malezi, na lazima awe na diploma ya hai skuli au inayolingana nayo. Ualimu hautakiwi, digrii haitakiwi. Hapa ndo wengi wanakwama, sio kwamba hawakusoma, wamesoma vizuri tu ila cheti kilibaki Bukavu au Uvira au kilipotea njiani. Kama cheti unacho cha Tanzania, Kenya au Congo kitafutie tafsiri ya Kiingereza mapema na uulize wilaya yako ya shule wanataka kionyeshwe vipi. Kama huna kabisa, kuna mitihani ya kupata cheti kinacholingana na diploma ya hai skuli, GED au HiSET, zote zinatambulika hapa, ila hiyo ni safari ya miezi sio ya wiki, usiipange kama kitu cha kumaliza kabla ya Agosti.

*Makaratasi na tarehe.* Kabla ya kuanza unapeleka hati ya kiapo kwa suprintendenti wa wilaya unayoishi, imegongwa muhuri wa notari, na baada ya hapo kila mwaka kufikia tarehe 1 Agosti unapeleka nyingine. Ndani yake kuna jina lako, jina na umri wa kila mtoto, anwani na simu, maelezo ya malengo kwa kila somo, ushahidi wa chanjo na huduma za afya zinazotakiwa (familia zilizokuja kwa mpango wa wakimbizi, zile karatasi za chanjo za IOM (shirika la uhamiaji lililowasafirisha) zitunzeni kama pasipoti), na tamko kwamba wewe na watu wazima wote wanaoishi ndani ya nyumba hamjatiwa hatiani ndani ya miaka 5 iliyopita kwa makosa makubwa yaliyoorodheshwa kwenye sheria. Narudia, watu wazima WOTE wanaoishi humo. Sisi nyumba zetu zina shemeji, zina binamu, zina kijana amefikia hapo akitafuta apatimenti, wote hao wanaingia kwenye hilo tamko na unaloapia ni kiapo, kwaiyo kaeni mzungumze kwanza kabla hujasaini.

Ukihama wilaya nayo ina utaratibu wake: siku 30 kabla unaandika barua ya rejista kwa suprintendenti wa unakotoka, akupe barua ya uhamisho uende nayo unakoenda. Kwa familia zinazohama kila mkataba wa nyumba ukiisha hili linasahaulika sana.

*Masomo, saa na lugha.* Ni siku 180, au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari. Ukigawa kwa siku 180 ni kama saa 5 kwa mdogo na 5 na nusu kwa mkubwa, ila hakuna anayesema lazima iwe saa mbili asubuhi, unaweza kufundisha jioni, Jumamosi, hata kiangazi. Masomo yameorodheshwa: Kiingereza, hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania yenyewe, uraia, afya, mazoezi ya mwili, muziki, sanaa, na usalama ambao ndani yake lazima kuwe na mafunzo ya kuzuia moto. Sekondari yanaongezeka, kuna fasihi, aljebra na jometri, historia ya dunia.

Sasa lugha. Kwenye kiapo unasema masomo yanatolewa kwa Kiingereza. Hii haina maana usiongee Kiswahili na mwanao, mwelezee mgawanyo kwa Kiswahili mpaka aelewe, hakuna anayekukataza, ila somo lenyewe, vitabu, kazi anazoandika, viwe kwa Kiingereza. Na kwa sekondari sheria inaruhusu kuongeza lugha za kigeni kama somo, kwaiyo Kiswahili kinaweza kuingia rasmi kwenye programu yake, chenye vitabu na kazi za kuandika. Hilo mimi naliona zuri mno, wangapi watoto wao wanafika miaka 12 wanaelewa Kiswahili ila kusoma hata mstari mmoja hawawezi.

*Uthibitisho.* Hapa ndo kazi ilipo. Unatunza potifolio, ndani kuna daftari unaloliandika kadiri mnavyosoma (sio unakaa Juni unaandika mwaka mzima kwa siku moja) lenye majina ya vitabu vilivyotumika, na sampuli za kazi za mtoto. Akiwa gredi ya 3, ya 5 na ya 8 anafanya mtihani wa kitaifa wa kusoma na hesabu, au ule wa jimbo, na mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe. Kisha kila mwaka mtathmini anaongea na mtoto, anapitia potifolio, anaandika cheti kwamba elimu inayofaa inaendelea, na hicho cheti kinafika kwa suprintendenti kufikia tarehe 30 Juni. Mtathmini anaweza kuwa mwalimu mwenye cheti cha Pennsylvania, au mwalimu wa shule binafsi mwenye uzoefu unaotakiwa, au mwanasaikolojia mwenye leseni. Hawezi kuwa wewe wala mwenzi wako. Tangu mabadiliko ya 2014 potifolio yenyewe hupeleki tena wilayani, inakaa kwako, kinachoenda ni cheti cha mtathmini tu, kwaiyo usikubali kuzungushwa na mtu anayekudai faili zima kwa sababu ndo alivyozoea zamani.

Suprintendenti akiwa na mashaka ya msingi anakuandikia barua, unapewa siku 30 kuleta cheti cha mtathmini. Isiporidhisha kunakuwa na kikao cha kusikilizwa, na ukishindwa mtoto anarudi shule na wewe hupati kumsomesha nyumbani kwa miezi 12.

*Pesa.* Jimbo halikupi hela. Vitabu, mtathmini, mtihani ni juu yako, bei mnapatana. Lakini kuna kitu wengi hawakijui: ukiomba, wilaya inatakiwa ikuazime mitaala yake, vitabu na vifaa vya umri na gredi ya mtoto. Omba kwa maandishi. Na hesabu pia chakula cha mchana ambacho shuleni watoto wengi wetu wanakula bure, nyumbani kinatoka kwenye sufuria yako siku tano kwa wiki, watoto wanne hiyo sio hela ndogo.

*Mwisho anapata nini.* Diploma unayoitoa wewe msimamizi kwenye fomu ya Idara ya Elimu, ikisainiwa na mtathmini wa gredi ya 12, tangu 2014 ina nguvu ya kisheria kama diploma nyingine za jimbo. Masharti yake ni miaka 4 ya Kiingereza, 3 ya hesabu, 3 ya sayansi, 3 ya maarifa ya jamii na 2 ya sanaa na ubinadamu. Michezo ipo, tangu 2006 mtoto anayesomea nyumbani anaweza kuchezea timu ya shule ya wilaya yake, na kuanzia mwaka wa shule 2023-24 anaweza hata kwenda kusoma baadhi ya masomo pale shuleni mpaka robo ya siku, au kuingia programu za ufundi. Yaani unaweza kumfundisha nyumbani na kemia akaisomee maabara ya shule.

Upande mgumu ni huduma. Mtoto aliyetambuliwa kuwa na mahitaji maalumu, malengo yake lazima yaidhinishwe kwa maandishi na mwalimu mwenye cheti cha elimu maalumu au mwanasaikolojia mwenye leseni, na zile huduma za IEP alizozoea shuleni usizihesabu kwamba zitakufuata nyumbani. Darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha halikufuati pia.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye mzazi mmoja anayeshinda hapo au wawili wanaopishana shifti vizuri, ambapo angalau mmoja anasoma Kiingereza bila shida na anapenda kuandika na kutunza faili. Makaratasi yakikuchosha mwezi wa kwanza, mwezi wa sita yatakushinda.

NJIA YA PILI: mwalimu binafsi mwenye cheti

Hii haiongelewi sana, na inayoongelewa mara nyingi ni nyingine. Kumleta kijana wa chuo afundishe hesabu Jumamosi hiyo ni tuisheni ya kawaida, ukiwa kwenye njia ya kwanza unaweza kuifanya muda wowote na bado msimamizi ni wewe. Mwalimu binafsi wa kisheria ni kitu kingine.

*Nani anawajibika.* Mwalimu mwenye cheti cha ualimu cha Pennsylvania, anayefundisha watoto wa familia moja, anayetoa sehemu kubwa ya mafundisho yeye mwenyewe, na anayelipwa. Vyote vinne lazima viwepo. Mwalimu wetu mzuri aliyefundisha miaka 20 Kigoma au Goma, bila cheti cha hapa hahesabiki kwenye njia hii, inauma lakini ndo ilivyo. Na familia tatu kuchanga zimwajiri mwalimu mmoja akae na watoto wote sebuleni, wazo ambalo sisi kwa ujamaa wetu linatujia haraka sana, haliingii hapa kwa sababu sheria inasema watoto wa familia moja.

*Makaratasi na tarehe.* Machache. Mwalimu anapeleka wilayani nakala ya cheti chake na rekodi safi ya polisi, mzazi anaandika uthibitisho kwamba masharti ya mafundisho yanatimizwa. Hakuna kile kiapo cha malengo kwa kila somo, wala tamko la watu wote wa nyumba.

*Masomo, saa na lugha.* Siku na saa ni zilezile, 180 au 900 na 990, na masomo ya lazima ni ya jimbo.

*Uthibitisho.* Hakuna mtathmini wa kila mwaka wala mitihani ya gredi ya 3, 5 na 8. Suprintendenti akipata malalamiko kwamba mtoto hafundishwi ndo anaweza kudai ushahidi wa maendeleo na wa siku na saa, kwaiyo hata hapa mwambie mwalimu atunze kumbukumbu.

*Pesa.* Ndo ukuta wenyewe. Unamlipa mtu mwenye taaluma kwa sehemu kubwa ya siku, mwaka mzima.

*Mwisho anapata nini.* Ile diploma ya msimamizi ya njia ya kwanza haipo huku, na wilaya haitoi yake. Mlango uliopo ni GED au HiSET, au kufikisha krediti 30 za chuo, ambazo zinampa diploma ya sekondari ya jimbo. Kwa mtoto wa gredi ya 2 hili halina haraka, kwa wa gredi ya 10 lifikirieni kabla hamjaanza.

*Inamfaa nani.* Familia yenye kipato kizuri, au yenye ndugu wa damu ambaye ni mwalimu mwenye cheti cha hapa na anakubali kulipwa kiasi mnachoelewana. Pia mtoto ambaye kwa miaka miwili mitatu anahitaji mtu mmoja akae naye uso kwa uso, amekaa kambini bila shule ya maana na ana miaka 11 hajui kusoma, huyo mwalimu mmoja mzuri anaweza kumvusha haraka kuliko darasa la watu 25.

NJIA YA TATU: shule ya serikali ya mtandaoni, saiba chata

Hii ndo ya "wanakutumia kompyuta". Kisheria mtoto hapa SIO wa homskuli. Ni mwanafunzi wa shule ya umma ambayo darasa lake liko kwenye skrini, shule zilizowekewa utaratibu wake na sheria ya 2002 na zinazopewa kibali (ndo hiyo chata) na Idara ya Elimu ya jimbo, na fedha yake inatoka wilaya unayoishi.

*Nani anawajibika.* Shule. Walimu ni wao, mtaala ni wao. Mzazi hahitaji diploma yoyote. Ila kwa mtoto mdogo lazima kuwe na mtu mzima pembeni, mtoto wa miaka 6 hawezi kujiwashia, kujilogin, kujikumbusha saa nne ana somo. Yule anayelala mchana kwa sababu usiku yuko kiwandani na mwenzie yuko weahausi, wakijidanganya kwamba kompyuta itamlea mtoto, matokeo yanaonekana ripoti ya kwanza tu.

*Makaratasi na tarehe.* Ya kuandikisha kama shule yoyote, ushahidi wa makazi, umri, chanjo. Hakuna kiapo wala notari, hakuna malengo ya kuandika mwenyewe, na shule ndo inaiarifu wilaya.

*Masomo, saa na lugha.* Yanapangwa na shule, na ratiba ni ya shule, usidhani utaihamishia jioni. Lugha ni Kiingereza lakini kwa sababu ni shule ya umma inawajibika kumpa mtoto programu ya kujifunza Kiingereza kama anaihitaji. Kwa mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale hili linaweza kuwa na uzito kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Waulize kabla ya kuandikisha: mwalimu wa Kiingereza anaonana naye mara ngapi kwa wiki, na ni moja kwa moja au ni video za kujiangalizia?

*Uthibitisho.* Mitihani ya jimbo ni ileile, PSSA gredi ya 3 mpaka ya 8 na Keystone za Aljebra, Biolojia na Fasihi kwa sekondari. Na mahudhurio yanahesabiwa. Asipoingia darasani bila sababu anaandikwa mtoro na zile siku 3 na siku 6 zinamhusu kama wa shule ya majengo, kukaa nyumbani sio kinga.

*Pesa.* Bure. Shule inatoa kompyuta, printa na vifaa vya kusomea, na intaneti inailipia au inakurudishia. Ukilinganisha na njia nyingine mbili hii ndo nyepesi mfukoni, gharama iliyobaki ni chakula na muda wa mtu mzima.

*Mwisho anapata nini.* Diploma ya shule, na IEP inafuata maana ni wajibu wa kila shule ya umma. Michezo ambayo shule ya mtandaoni haina, anaweza kuchezea wilaya yake. Lakini lazima niseme na la upande wa pili: utafiti wa CREDO wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2019 uliangalia shule za chata za Pennsylvania na kukuta wanafunzi wa zile za mtandaoni wanasonga nyuma ya wenzao wa shule za kawaida, kwenye kusoma na kwenye hesabu. Huo ni wastani, mtoto wako sio wastani, kuna watoto wanang'aa huko. Ila ukichagua hii usikae mbali na alama zake ukasema shule inajua.

*Inamfaa nani.* Mzazi asiye na cheti au asiye na Kiingereza cha kuandika, mwenye mtoto anayejisukuma au mtu mzima wa kukaa naye. Mtoto mwenye IEP. Mtoto anayetoka kwenye uonevu shuleni na anahitaji kupumua bila kupoteza mwaka.

Mbili za pembeni

Zipo shule za dini zinazokubali familia isomeshe nyumbani chini ya jina lao, hapo masharti ni ya shule yenyewe na hati inapelekwa na mkuu wa shule, kaulize sheikh au mchungaji wako kama kuna inayofahamika. Na wilaya nyingi siku hizi zina darasa lao la mtandaoni, mtoto anabaki mwanafunzi wa wilaya na anapata diploma yake. Kabla hujakimbilia saiba chata piga simu wilayani uulize hilo kwanza, kurudi darasani ikishindikana kunakuwa rahisi zaidi.

Sasa kwa hali yako

Mama anashinda nyumbani, alimaliza sekondari, cheti kipo, watoto wawili wa msingi, mnataka muda wa madrasa au wa Kiswahili ndani ya siku: njia ya kwanza inawapa uhuru ambao nyingine haziwapi. Anzeni kumtafuta mtathmini mwezi wa 8 sio wa 6, ukimpata mapema anakwambia anapenda potifolio ipangwe vipi na unafanya kazi mwaka mzima ukijua.

Wazazi wote kazini mchana, mtoto wa miaka 7: kwa kweli hakuna kati ya hizi tatu inayofanya kazi bila mtu mzima, na bibi kuwepo nyumbani ni msaada wa usalama ila kama hajui Kiingereza wala kompyuta hawezi kubeba masomo. Hapa mimi ningemwacha mtoto shuleni kwa sasa na kupigania kinachokusumbua hukohuko, uonevu, chakula, lugha, unayo haki ya kuomba mkalimani kwenye kikao na shule bila kulipa. Kama wazazi mnapishana shifti na mmoja yuko macho mchana, hiyo ni habari nyingine, rudini kwenye njia ya kwanza au ya tatu mkaangalie nani yuko vizuri kwenye kuandika.

Kijana wa gredi ya 9 mpaka 12: angalia diploma kwanza kabla ya uhuru. Njia ya kwanza inawezekana kabisa ila hesabu miaka ya kila somo tangu siku ya kwanza, usije ukakuta gredi ya 12 imefika na sayansi ina miaka 2. Kama mzazi hawezi aljebra, robo ya siku kwenye shule ya wilaya au tuisheni inaziba. Kama kijana ni wa kujituma na anataka mitihani na walimu wa kawaida, ya tatu.

Mtoto mwenye IEP: usimtoe kwenye mfumo wa umma kabla hujakaa na mtu wa elimu maalumu akakuandikia huduma zipi zitabaki na zipi zitakatika, moja moja kwa majina. Saiba chata inabaki na wajibu, lakini uliza tiba ya kuongea au ya viungo wanaitoaje kwa mtoto aliye mbali.

Mnaohama sana: njia ya tatu haisumbuki ukihama ndani ya jimbo, unabadilisha anwani tu. Ya kwanza inataka ile barua ya siku 30. Na ukivuka kwenda Ohio, New York au Maryland yote haya yanaishia mpakani, kule kuna sheria nyingine na unaanza upya.

Anayetaka kuanza katikati ya mwaka: kwa njia ya kwanza andika malengo, kusanya chanjo, nenda kwa notari (benki nyingi wanaye, hata ofisi za kuandikisha magari), peleka hati kwa suprintendenti kwa mkono upigiwe muhuri wa kupokelewa au kwa barua ya rejista, baki na nakala, ndo umtaarifu mwalimu wa darasa. Kwa njia ya tatu subiri shule mpya ikwambie tarehe ya kuanza, na mpaka asubuhi ya siku hiyo mtoto aendelee kupanda basi la shule ya zamani kama kawaida.